Vipimo vya Malvern

Malvern, Johannesburg
17 Februari 2019

Dada yangu Paskalia,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama uani na barua hii mkononi, vuta kigoda, maana mdogo wako leo ndiye mwenye bahati kuliko watu wote waliowahi kuvuka Tunduma na begi moja. Hapa kuna watu wanacheza bahati nasibu kila wiki mpaka wanaota mvi. Mimi sikucheza kitu. Bahati imenifuata yenyewe dukani, imenishika shati.

Lakini nisiruke salamu ukaja kusema Johannesburg imenila adabu. Shikamoo, dada. Mimi mzima kabisa, shingo imeongezeka nusu inchi, nimeipima mwenyewe. Kampuni yetu ya mitindo hapa Jules Street inakwenda mbele. Placide, yule fundi Mkongo wa Bukavu, anakata. Mimi natawala zipu, vifungo na mapindo. Wateja wanasema zipu yangu inapanda kama lifti ya benki. Placide anakusalimu kwa Kifaransa kirefu, nimekipunguza. Mvua zimeanza huko? Yule mbuzi wako bado anakula kanga za majirani?

Barua yako ya Krismasi niliipata. Niliposoma kwamba Lerato amechumbiwa na mwalimu Jumbe wa Kilosa nilicheka peke yangu mpaka Placide akazima cherehani kuniangalia. Kisha nikafika kule chini, unaposema mtoto anakuuliza kila siku nani atamkabidhi, na kwamba hataki mjomba, hataki baba wa kuazima, anamtaka aliyemzaa. Nikaacha kucheka.

Haya. Nimempata Malvern.

Usiruke, mguu wako mbovu. Nasema Malvern wako wa kambini Mazimbu, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, yule aliyekuachia Lerato wa miaka miwili akapanda basi la kurudi kwao mwaka tisini. Nilipoondoka hapo mwaka 2009 ulinipa kazi moja tu: nenda, kamtafute. Basi kazi imekwisha.

Ijumaa ameingia mzee mmoja dukani, mrefu, ndevu nyeupe, koti lake zipu imekufa. Nikamwuliza jina niandike kwenye karatasi. "Malvern." Nikasema, kama huu mtaa wetu? Akasema, kama huu mtaa wenu. Nikamwuliza kwa Kiswahili: mzee, uliwahi kufika Mazimbu? Dada, akashika meza. Akasema, kwa Kiswahili kilekile cha kwetu, "Paskalia hajambo?" Akalia. Mzee mzima, mbele ya wateja, machozi mpaka kwenye ndevu. Ana nyumba kule Kensington, geti mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Amesema Desemba atakuja mwenyewe kumkabidhi bintiye.

Siku zile ulinikataza kupiga simu kwa mambo haya kwa kuwa simu yako anaipokea Lerato, nami nimetii. Barua inakuja na Hashim, na lori lake la vipuri. Usimwambie mtoto bado. Tulia na furaha yako peke yako kwanza.

Ndimi mdogo wako mwenye nyota,
Ulimboka


Mazimbu, Morogoro
26 Machi 2019

Mdogo wangu Ulimboka,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua zimechelewa, mahindi ya mto ndiyo yanayotupa moyo. Mbuzi amezaa mapacha na amezidi ujeuri. Mguu unaniuma asubuhi, ukishapata jua unaacha. Padri ametangaza ukarabati wa paa la kigango, kwa hiyo tunasali uani kama zamani.

Unasema nisimwambie Lerato. Ni nani alimwambia Hashim? Alifika hapa Jumanne, hata injini hajaizima, kichwa nje ya dirisha: "Lerato! Hongera! Baba yako kapatikana, ana geti mbili!" Mtoto alikuwa anaanika. Alikaa chini palepale juu ya shuka mbichi. Nilidhani amezimia, kumbe anacheka. Tangu siku hiyo anaimba akifagia. Jumbe naye ameambiwa, na wazee wa Jumbe wameambiwa, na wazee wa Jumbe wakiambiwa kitu ujue Kilosa nzima imejua. Harusi ni tarehe 14 Desemba.

Kwa hiyo sijui nikushukuru au nikuchape.

Mdogo wangu, nina neno moja. Unasema alilia. Malvern ninayemjua mimi aliletewa habari ya kifo cha mama yake akiwa amekaa dirishani kwangu, kwenye karakana ya kushonea. Alisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaniuliza kama kaptura za vijana zimekwisha. Hakulia. Lakini uzee unabadilisha watu. Wewe hukumwona hata mara moja, siku hizo ulikuwa Tukuyu kwa bibi, kwa hiyo sikulaumu.

Sasa fanya hivi. Unajua kwetu anayemkabidhi binti havai nguo ya dukani. Mama alimshonea baba koti aliponikabidhi kwa komunyo ya kwanza, na bibi alimshonea babu kwa harusi ya mama. Koti la Malvern nitalishona mimi, kwa mkono wangu, kama nilivyomshonea wakati ule. Nitumie vipimo. Vyote, kama nilivyokufundisha, na tepu isikazwe.

Lerato ananiambia niandike kwamba anakusalimia na kwamba wewe ndiye mjomba kuliko wajomba wote duniani. Nimeandika.

Dada yako,
Paskalia


Malvern, Johannesburg
5 Mei 2019

Dada mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Barua yako imechelewa kwa sababu Hashim alilala mpakani Beitbridge siku tisa, wanakagua lori kama wanatafuta ndege ya kivita. Nami nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, kazi, kazi. Kuna kwaya ya Wakongo wameagiza sare arobaini na moja, na mwimbaji wao mkuu, Mama Victorine, amegeuza mawazo kuhusu kola mara tatu. Ndaga fijo, asante sana, kwa habari za mbuzi. Mpe mmoja wa mapacha jina langu, yule mzuri wa sura.

Ngoja nikuchekeshe. Unajua jina hili Malvern ni jina la ajabu? Sisi tunaoishi hapa tunadhani ni letu. Kumbe! Fundi magari aliye mkabala na duka letu, Mzimbabwe, anaitwa Malvern. Yuko chini ya gari saa zote, nimezoea kuongea na viatu vyake. Kinyozi wa kona ya pili, Malvern, kijana wa miaka ishirini na mbili. Msusi mmoja rafiki wa Jocelyne, jirani yetu yule wa Lubumbashi, amejifungua: Malvern. Wazimbabwe wanalipenda jina hili vibaya. Nilisimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, nikaita kwa sauti "Malvern!" kujaribu tu. Wakageuka wawili na mmoja akanitukana.

Si hayo tu. Durban wanao mtaa wao, Malvern vilevile. Mteja wetu mmoja wa huko amenihakikishia. Na mwanafunzi wa Kikenya, kule Braamfontein nilikopeleka suruali, amenifungulia simu yake kunionyesha: chanzo cha yote ni vilima huko Uingereza. Maji yanatoka kwenye mwamba, matajiri wagonjwa walikuwa wanakwenda kuyanywa wapone. Basi Mzungu fulani akavikumbuka akaliweka jina hapa kwenye vumbi la migodi. Jina alilileta, maji akayaacha.

Unaona nimesoma jiografia kuliko mwalimu Jumbe, na mimi niliishia darasa la sita.

Nakwambia haya ya kucheka tu, sina sababu nyingine. Malvern wetu hajambo, anasafiri sana kikazi, simwoni kila wiki. Vipimo nimemchukua haraka haraka, Placide ndiye aliyeshika tepu na kuandika, mimi nanakili kama vilivyo:

Bega 18. Kifua 42. Kiuno 38. Urefu wa koti 30. Mkono wa kulia 25. Mkono wa kushoto 24.

Mwambie Lerato mjomba kuliko wajomba wote anasema asiimbe sana, atachosha koo kabla ya harusi.

Ulimboka


Mazimbu, Morogoro
18 Juni 2019

Mdogo wangu,

Marahaba. Baridi imeshuka kutoka milimani, nalala na soksi. Mbuzi uliyempa jina lako ameanguka kwenye shimo la taka akatolewa na kamba. Mzima.

Vipimo nimevipata. Nimevisoma mara mbili, kisha nikakunja barua nikaenda kukaa kanisani mchana wakati hakuna mtu. Mwambie Placide ana mkono mwaminifu. Mafundi wengi wakishapima mkono mmoja wanaandika na wa pili hivyohivyo.

Nikueleze kidogo juu ya karakana yetu, maana hukuiona. Vyerehani vilikuwa kumi na sita. Mimi nilikuwa na kile cha dirishani. Malvern alikuja kwangu mara ya kwanza na suruali iliyomfunika viatu, akasema kwa Kiingereza na vidole kwamba nguo za msaada zinatoka kwa watu warefu. Nilimkatia inchi nne. Baadaye nilimshonea suruali mbili na jaketi moja. Vipimo vya jaketi lile ninavyo kichwani mpaka leo, sijawahi kuviandika.

Kadi za harusi zimechapwa. Lerato alikwenda mwenyewe mjini. Zimeandikwa, "Bwana Malvern wa Johannesburg na Bibi Paskalia Mwakasege wa Mazimbu wanayo furaha." Alinionyesha akiwa ameishika kwa ncha za vidole isichafuke. Anajifunza salamu za Kizulu kwenye simu. Anazisema mbele ya kioo, kisha anajijibu mwenyewe kwa sauti nzito.

Ulimboka, una lolote la kuniambia? Kama unalo, liseme sasa, wakati kadi bado ziko ndani ya boksi.

Dada yako,
Paskalia


Malvern, Johannesburg
11 Agosti 2019

Dada,

Shikamoo. Nimepitisha mwezi mzima bila kujibu, nisamehe. Huku baridi imekuwa kali mpaka tepu imekakamaa. Sare za kwaya zimekwisha na Mama Victorine amezilalamikia akiwa amezivaa, akipita nazo mtaani kifua mbele. Jumbe amekwisha nunua viatu? Mwambie visibane, siku ya harusi miguu inavimba kwa woga.

Hujaniambia kama umeanza kukata koti. Usiharakishe, dada. Malvern anaumwa. Ni sukari, imemshika mguu wa kulia. Daktari anasema labda hataweza safari ndefu, labda hata ndege. Ninamwombea. Lakini tujiandae kwa lolote, umri wake si mdogo, na mtu mwenye sukari anaweza kuondoka ghafla.

Jumapili iliyopita nilikwenda Soweto kumsalimu Mama Nomsa. Ni Mluguru wa hapohapo Morogoro, aliolewa na mmoja wa wale wapigania uhuru, akaja naye huku. Watoto wake wanakisikia Kiswahili wanakujibu Kizulu. Alinipikia ugali, akalia kidogo kwa kuwa hakupata mchicha wa kwetu. Tukazungumza mambo ya kambi. Nilimwuliza, kwa kupiga soga tu, anawakumbuka akina Malvern. Akasema, "Yupi? Niliwajua watatu."

Anasema kule kambini hawakutumia majina ya nyumbani, kwa ajili ya wapelelezi. Kila mtu alipewa jina la njiani au alijichagulia, wengine wakachukua majina ya mitaa ya kwao. Huyo wa kwanza mama yake alikuwa mtumishi wa Wazungu hapahapa Malvern, akilala chumba cha uani. Mwana huyo alipotumwa vitani na asirudi, jina akapewa mwingine. Kisha mwingine. Na siku waliporudi kwao, mlangoni pa ndege majina yale waliyavua wakayaacha. Mume wake mwenyewe, Mama Nomsa alikuja kujua jina lake halisi walipofika kwa wakwe.

Nauliza tu, dada, sina nia yoyote: Malvern aliwahi kukwambia jina lake la nyumbani?

Ulimboka


Malvern, Johannesburg
8 Septemba 2019

Dada,

Niko hai. Placide yuko hai. Jocelyne na wanawe wako kanisani na wengine wengi.

Mmeona kwenye televisheni, najua. Ilianza Jumapili jioni, vijana wanawawinda wageni. Jules Street imeungua magari na maduka. Duka letu hawakulichoma, waliling'oa mlango wakabeba vyerehani na vitambaa, hata boksi la vifungo. Fundi Malvern wa magari amevunjwa taya.

Mimi nilikuwa kwa jirani. Nitakueleza siku nyingine.

Usimruhusu Lerato kuangalia picha zile.

Ulimboka


Mazimbu, Morogoro
1 Oktoba 2019

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Tumekuombea misa mbili. Lerato alipiga simu yako siku nne mfululizo haikupokewa, akasema, "Mama, sasa nimepata baba nimepoteza mjomba." Hashim alipoleta barua nilimbusu mkono, mwanaume wa watu, akaona haya. Mlete na mwenzako Placide kama hana pa kukaa. Hapa vyumba viko.

Sasa nitasema, kwa sababu nimechoka kungoja wewe useme.

Uliniuliza kama Malvern alinipa jina lake la nyumbani. Hakunipa. Nilimwomba mara moja, akasema nisilolijua halitanidhuru. Na asubuhi ile ya basi, mwaka tisini, hakusema atarudi. Alimbeba Lerato mpaka kwenye ngazi ya basi, akanirudishia, akasema, "Usinisubiri, Paskalia." Maneno mawili, kwa Kiswahili safi. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Ni mimi niliyemwambia mtoto kwamba baba yake alisema atakuja. Alikuwa na miaka mitano, alikuwa amechekwa shuleni, nikasema. Kisha nikashindwa kulirudisha. Miaka ishirini na sita nimeketi juu yake. Nilipokutuma wewe ukamtafute, nilikutuma ukanitoe mimi kwenye uongo ule. Kwa hiyo mwongo wa kwanza katika nyumba hii si wewe.

Koti limekwisha. Ni la kijivu, bitana ya samawati, vifungo vitatu. Bega kumi na nane. Malvern alikuwa na bega kumi na sita, na mtu mzima haongezeki bega inchi mbili hata ale nini. Lakini sikuhitaji kufika begani. Mkono wa kushoto ishirini na nne, wa kulia ishirini na tano. Mkono huo ulivunjika kwenye baiskeli ya mjomba Anyosisye, ukaungwa vibaya na mganga wa Tukuyu. Nimeushonea mashati ya shule miaka minne, kila mara nikipunguza inchi moja kushoto. Niliusoma kwenye karatasi yako nikaujua kama ninavyoujua uso wako.

Nilikata kitambaa hivyohivyo. Mwenye mkono huo aje avae.

Lerato sijamwambia. Kadi zimekwisha gawiwa. Mimi langu nitamwambia kwa mdomo wangu, la kwako siwezi kulisema kwa niaba yako. Wewe uliyempa baba ndiye utakayemwondolea. Usimwue huyo mzee kwa sukari, ninakuona unavyomwandalia mazishi. Mtoto atavaa nguo nyeusi mwezi mmoja kabla ya harusi kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Niandikie barua ninayoweza kumsomea.

Dada yako,
Paskalia


Malvern, Johannesburg
27 Oktoba 2019

Dada Paskalia, na Lerato mwanangu,

Shikamoo, dada. Lerato, mama, hujambo. Kaa karibu na mama yako, barua hii ni ya kwenu wote wawili.

Huku hatujambo. Placide amepata cherehani cha kuazima, tumekiweka sebuleni kwa gogo MaKhumalo, jirani yetu, bibi Mzulu wa miaka sabini na kitu. Tunashona huku yeye anatuambia tunakosea. Zamani nilikuwa nasema "kampuni ya mitindo". Ilikuwa chumba kimoja na vyerehani viwili, na vyote vilikuwa vya Placide. Mimi ni mtu wa zipu.

Lerato, nianze na siku ile ya Septemba. Walipoanza kuvunja nilikuwa kwa huyu gogo, nampelekea sketi yake. Vijana wakaja mpaka getini na marungu, wakauliza, "Huyu nani?" Mimi, mwenye mdomo mpana kuliko wote Tanzania, nikawanyoshea sketi ya gogo kama kitambulisho. MaKhumalo akatoka na kanga yake begani, akasema, "Huyu ni Malvern. Mtoto wa nyumba hii." Wakamtazama, wakanitazama, wakapita. Baadaye nikamwuliza, gogo, kwa nini jina hilo? Akasema, "Eish, si wewe? Tangu Februari unakuja kwangu: gogo unamjua Malvern, gogo ulimsikia Malvern. Ndilo lililokuwa mdomoni."

Basi nililivaa jina la baba yako kwa dakika tatu, likaniokoa. Nikakaa chini ya sinki la jikoni mpaka kelele zikaisha, nikifikiria kwamba aliyelichagua kwanza mama yake alifua nguo za watu kwenye uani kama huu, pengine huuhuu. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mama yako aliponituma nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilifika Johannesburg, nikaona taa, nikaona watu, nikajisemea nitaanza kumtafuta mwezi ujao. Mwezi ujao ulichukua miaka kumi. Nikaja kupanga chumba katika mtaa wenye jina lake, nikaliona kila siku ubavuni mwa basi, na sikuuliza hata mtu mmoja. Kila barua niliandika "naendelea kutafuta." Nilikuwa naendelea kula.

Krismasi mama yako akaandika kwamba unamtaka baba yako. Nilikaa na barua ile wiki kadhaa. Siku moja akaja dukani kijana wa Kizimbabwe, yule kinyozi, zipu ya koti imekufa. Nikamwuliza jina. Hilo ndilo la kweli pekee katika ile hadithi yangu, zipu na jina. Mengine yote nilikuwa nimekwisha yaandika kabla hajatoka mlangoni. Mzee mrefu, ndevu, geti mbili. Geti mbili ni za nyumba moja Kensington ambayo huwa naitazama nikipita.

Baada ya kutuma ndipo nilipoanza kumtafuta kweli, ili uongo usiwe uongo. Nikazunguka kwa akina Malvern wote mpaka wakanichoka. Nikaenda Soweto mara nne, si mara moja. Mama yako alipotaka vipimo nilimwambia Placide anipime mimi. Akasimama na tepu akauliza, "Grand, ule papa ya kupima iko wapi? Miye naona weye tu." Nikamwambia andika. Akaandika alichokiona, na mimi fundi mzima nikanakili bila kutazama mkono wangu mwenyewe.

Mama yako ana lake la kukwambia. Msikilize, usimkatize. Alikuwa peke yake na mtoto aliyechekwa shuleni. Mimi sikuwa na sababu hata ya kuazima.

Natoka huku tarehe mosi Desemba na Hashim. Dada, koti nimelisikia. Nitalivaa kama Lerato ataniruhusu, na kama hataniruhusu nitakaa nyuma na watu wa kuosha vyombo na nitakula kimya. Kadi zile usizichome, Lerato. Jina lile si la mtu mmoja, na pengine mmoja wao ndiye, na pengine bado anatembea hapa nje na jina jingine nisilolijua, ananipita kwenye roboti kila asubuhi. Sijui. Placide anasema niandike kwamba nitaendelea kutafuta. Siandiki.

Umenisifu kwamba mimi ni mjomba kuliko wajomba wote, na mama yako aliandika kama ulivyomwambia. Nimeibeba sentensi ile mfukoni tangu nilipoipata barua ile ya Machi.

Nilisema nimempata. Sikumpata. Hakuna mzee aliyelia dukani kwetu.

Ulimboka